Shuka Mbele, Kanzu Kichwani

Juzi mjukuu wangu Riziki aliingia ndani akihema, mguuni ana kandambili moja. Nikamwuliza ya pili iko wapi. Akasema imebaki njiani kule mtaa wa Shika Adabu, mbwa wawili wametoka uani kwa watu wakamkimbiza.

"Wakakukimbiza, au wewe ulikimbia wakafuata?" nikamwuliza.

"Babu, si yote mamoja?"

Si mamoja, na ndiyo sababu nimeshika kalamu. Nyinyi vijana mnajua mambo mengi nisiyoyajua, lakini juu ya mbwa hamjui kitu. Mmoja hukimbia, mwengine hupiga mayowe, wa tatu hurusha jiwe kisha ndipo akimbie, na huyo ndiye mwenye akili ndogo kuliko wote, maana amemkasirisha mbwa kwanza halafu akampa mgongo. Hebu tulieni niwaeleze. Haya niliyojifunza yalimtoa mtu damu mbele ya macho yangu, na nusura yamtoe roho.

Mimi nilikuwa dobi. Sikuwa dobi wa duka lenye mashine za kuzunguka. Nilikuwa dobi wa jiwe la kufulia na pasi ya mkaa, mtu wa kubeba nguo kwa miguu kutoka kisimani kwetu Likoni hadi nyumba za Wazungu za ufuoni, upande wa Shelly Beach, na kurudi. Kazi hiyo niliianza miaka ya arobaini, vita vikiwa vinaelekea ukingoni. Watu hudhani adui wa dobi ni mvua. Mvua ilikuwa rafiki yetu, ilitupumzisha. Adui wa dobi alikuwa mbwa, kwa sababu dobi huingia kila ua, hubeba harufu ya kila nyumba, na mikono yake yote miwili ina kazi.

Aliyenifundisha alikuwa Fundi Athumani, Mdigo wa Likoni, mzee mwembamba mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono na sauti isiyopanda hata akikasirika. Alinichukua mimi, Kombe, kijana wa Kikristo kutoka Ribe, nisiyejua kutofautisha wanga na uji. Wanga wenyewe tuliupika kwa muhogo. Siku yangu ya kwanza niliupika mzito, mashati ya watu yakakauka yakawa yanaweza kusimama peke yake. Fundi aliyatazama, akasema, "Nyinyi watu wa Ribe mwafua nguo kisha mwazizika." Akaniamuru niyafue upya yote, naye akakaa pembeni akinisimulia habari za dobi mmoja aliyekuwa mpumbavu kuliko mimi, ili nisikate tamaa.

Pasi zetu zilikula makaa ya vifuu. Kifuu cha nazi huwaka vizuri, lakini hutoa cheche, na cheche moja ikiruka kwenye kanzu ya mtu umekwisha. Kwa hiyo Fundi alipiga pasi kwa mkono wa kulia tu, polepole, kichwa akiwa amekiinamisha upande kama mtu anayesikiliza. Mkono huo wa kulia ndio uliokuwa duka lake, na watu walivuka kwa feri kutoka kisiwani kuuleta ukosi mmoja wa kanzu upite chini yake. Ukumbukeni mkono huo.

Sasa kulikuwa na sheria yake moja ambayo hakuilegeza hata kidogo. Furushi hukaa kichwani. Halikai begani, halikai kwapani, wala halishuki chini mpaka umefika. Sababu ni mbwa. Wateja wetu wengi walikuwa Waislamu, na kanzu za Ijumaa tulizirudisha Alhamisi. Kanzu ikiguswa na mate ya mbwa si safi tena kwa swala mpaka ifuliwe mara saba, na mara moja kati ya hizo ichanganywe na udongo. Mtu akisikia kwamba furushi lako limenuswa na mbwa na wewe ukanyamaza, kesho atampelekea nguo zake dobi mwengine, na kesho kutwa mtaa mzima utamfuata. Hivyo Fundi alitembea na furushi juu, mikono yake yote miwili imelishika, na chini kote alikuwa wazi, mbavu, tumbo na miguu.

Nilimwuliza siku moja, "Fundi, na mbwa akija, utamzuia na nini?"

"Nitainama," akasema.

Na kweli, kwa mbwa wa mitaani ilitosha. Mbwa wa Likoni wa siku zile alizaliwa analijua jiwe. Babake alipigwa, mamake alipigwa, na yeye mwenyewe alipigwa kabla hajafumbua macho vizuri. Ukikunja goti tu na kupeleka mkono chini, hata kama hakuna jiwe, alikuwa ameshageuka anatokomea na mkia wake katikati ya miguu. Sote tulifanya hivyo: wachuuzi, wakulima waliopita na muhogo wao, watoto wa shule. Ilikuwa ndiyo desturi yetu na hatukuwahi kuifikiria, kama mtu asivyofikiria jinsi anavyokohoa.

Halafu vita vikaisha. Maofisa wengi walirudi kwao, na mbwa wao hawakupanda meli. Wengine walipewa majirani, wengine waliachwa tu wakawa wanazurura. Njia yetu ya ufuoni ikajaa mbwa wakubwa wenye masikio wima, walioshiba nyama na waliozoea kuamrishwa kwa lugha tusiyoijua. Mchuuzi mmoja wa mikate alianza kutembea na pilipili ya unga mfukoni. Siku alipoihitaji aliirusha kwa nguvu zake zote, na upepo wa baharini ukairudisha yote machoni mwake. Tulimkuta amekaa chini analia, mbwa amekaa mbele yake anamshangaa, na mikate hakuna.

Mbwa mmoja kati ya hao aliitwa Meja. Alikuwa wa nyumba ya mteja wetu tuliyemwita Bwana Mistari, kwa ajili ya nguo zake za kulalia za mistari. Dobi huwajua watu kwa nguo. Tulijua nani anatoka jasho sana, nani anakula mezani kwa pupa, nani analala chumba mbali na mkewe. Bwana Mistari alikuwa na mke na mtoto mmoja mdogo wa kike ambaye magauni yake yalikuwa na madoa ya embe wakati wote. Meja huyo Bwana aliachiwa na rafiki yake mwanajeshi. Alikuwa mbwa mrefu, kichwa chake kinafika kiunoni pangu, na lango la nyumba ile lilikuwa halifungiki vizuri.

Ilikuwa Alhamisi, asubuhi. Fundi alitangulia na furushi la kanzu kichwani, mimi nyuma na furushi la shuka na foronya za Bwana Mistari. Tulizoea kuanzia ufuoni, kisha kurudi kupitia mitaani na nguo za Ijumaa. Nilisimama kidogo kukaza fundo, Fundi akaniacha kwa umbali wa nyumba moja. Meja akatoka langoni.

Hakubweka. Liwekeni hilo akilini. Mbwa anayebweka anakupa nafasi ya kufikiri. Meja alikuja kimya, kichwa chini, moja kwa moja.

Fundi Athumani akafanya alichokifanya maisha yake yote. Alisimama, akainama kuokota jiwe. Lakini Meja hakuwahi kupigwa jiwe na mtu yeyote tangu azaliwe, hakujua maana yake. Alichokiona yeye ni uso wa mtu umeshuka ukawa sawa na meno yake. Furushi lilianguka. Fundi aliinua mkono kukinga uso, na Meja akaushika mkono ule, chini ya kiwiko, akautikisa.

Ulikuwa mkono wa kulia.

Nilikimbia kumfuata, na mikononi sikuwa na fimbo wala jiwe. Nilikuwa na shuka. Nikalisukuma furushi lote usoni kwa yule mbwa, nikalikandamiza hapo kwa uzito wangu wote, mpaka akaachia mkono ili ashike kitambaa. Aliposhika nikamwachia. Alilivuta furushi lote hadi ndani ya ua, anakokota shuka za bwana wake kwenye mchanga, ameridhika kabisa. Sikuwa na maarifa yoyote ya mbwa wakati ule, na ninawaambia ukweli, nilikuwa naogopa.

Fundi alikaa chini, ameushika mkono wake, damu inapita kati ya vidole. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Kanzu zimeguswa?"

Zilikuwa zimeguswa. Meja alizikanyaga na kuzidondoshea ute alipokuwa akiutikisa mkono. Lakini mimi nilikuwa natazama mkono, na nilikuwa namkumbuka mtu mwengine. Kule Ribe, nikiwa mdogo, jamaa wa baba aliumwa na mbwa mguuni, kidonda kikapona, watu wakasahau. Baadaye akaanza kuogopa maji. Akiletewa kata ya maji koo linajifunga na anapiga kelele. Alikufa amefungwa kamba kitandani, na mkewe yuko nje ya mlango hawezi kuingia. Kichaa cha mbwa kikishaanza kwa mtu hakirudi nyuma. Nilikuwa nampenda Fundi Athumani, na nilijiambia pale pale njiani kwamba huyu hatakufa kifo kile.

Dobi hakosi sabuni. Nilikuwa na kipande kiunoni. Nyuma kidogo palikuwa na kisima cha watu, nikamketisha ukingoni, nikaanza kuchota maji na kuuosha mkono. Povu, maji, povu, maji, ndani ya matundu yenyewe ya meno, na Fundi anauma ncha ya kikoi chake asipige kelele. Niliosha mpaka mabega yangu yakauma, kisha nikaanza tena. Msiniulize kwa nini. Mkono mchafu husafishwa kwa sabuni, ndiyo elimu yote niliyokuwa nayo. Baadaye daktari aliniambia sikukosea. Nanyi mkiumwa fanyeni hivyo hivyo, sabuni na maji ya kumiminika kwa muda mrefu, halafu hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo.

Katikati ya kuosha, Fundi akasema, "Kombe, nipa udongo safi."

"Wa nini, Fundi?"

"Wajua wa nini. Mate ya mbwa haya."

"Nguo nitazitia udongo mimi mwenyewe. Kidonda hapana. Kidonda ni sabuni."

Akanitazama kwa jicho kali. "Leo wewe Mkristo wa Ribe wanifunza mimi twahara?"

"Sikufunzi twahara, Fundi. Nauomba huu mkono."

Aliutazama ule mkono. Maji yalikuwa yakidondoka kwenye jiwe. Halafu akaunyoosha mkono tena, akasema, "Haya, mimina." Mwalimu wake wa chuo cha Kurani alikuja kumwambia baadaye kwamba kidonda kibichi kina udhuru wake na hakufanya kosa, lakini siku ile hakuwa na mwalimu. Alikuwa nami tu, na aliniamini, na jambo hilo sijalisahau.

Tulivuka feri hadi hospitali ya kisiwani. Daktari aliusafisha mkono, akaanza kumchoma sindano za tumboni, sindano ndefu zilizomfanya mzee mzima ashike ukuta. Kisha akauliza mbwa yuko wapi. Akatueleza kwamba mbwa mwenye kichaa hakawii kufa mwenyewe. Kwa hiyo mbwa huyo afungwe, apewe chakula na maji, atazamwe. Akipita siku zake akiwa mzima, sindano zitasimamishwa na mzee yuko salama. Lakini asiuawe na asiachiwe apotee, la sivyo hatutajua kitu, na Fundi atachomwa hadi mwisho huku sote tukisubiri. Yule daktari alisema mwenye mbwa ataarifiwa. Nilijua maana ya ataarifiwa. Ilikuwa na maana ya wiki ijayo.

Nikarudi Likoni siku ile ile, alasiri, peke yangu.

Njia nzima nilikuwa najisemesha. Fimbo? Mbwa yule angeichukulia vita. Jiwe? Nimeona leo. Nikabaki na kitu kimoja nilichokiona kinafanya kazi. Nilipita kisimani kwetu, nikachukua shuka ya Bwana Mistari iliyobaki kutoka furushi la wiki iliyopita, nikaikunja nene, nikaishika mbele yangu kwa mikono miwili, mbali kidogo na tumbo. Ndivyo nilivyoingia kwenye lango lile.

Meja alinijia. Sikilizeni nilivyofanya, maana hapa sikufanya kwa bahati. Nilisimama. Nikageuka ubavu, nisimpe kifua chote. Sikumkazia macho, niliyatupa chini karibu na miguu yake, nimwone bila kumkodolea. Nikasema kwa sauti nzito, ya chini, "Rudi," kisha tena, "Rudi." Alizunguka kunitafuta nyuma, nami nikazunguka naye polepole, shuka baina yetu. Aliporuka, nikampa shuka. Akaing'ata. Hapa ndipo mtu hukosea akavuta. Usivute. Ukivuta unamwambia mbwa huu ni mchezo, na kama ni mkono wako ndio ulioshikwa, kuvuta ndiko kunakoichana nyama. Mimi nilishika pembe moja tu, nikaanza kutembea kuelekea mlango wa nyumba, hatua kwa hatua, na Meja ananing'inia upande wa pili akinguruma, tunaenda pamoja. Na kama angeniangusha nilikuwa nimekwisha kuamua: nijikunje, uso chini, vidole vifungane nyuma ya shingo, nisipige mateke.

Nikafika barazani nikaita hodi.

Bwana Mistari alitoka. Nyuma yake mlangoni alisimama mpishi wao, Josefu, Mtaita, mkono mdomoni.

"Wewe naleta fujo gani hapa?" Bwana akasema. "Hiyo shuka yangu."

"Ni yako, Bwana. Na mbwa ni wako. Asubuhi amemuuma Fundi Athumani, dobi wako. Daktari anasema afungwe, atazamwe."

"Mbwa yangu hapana uma mtu."

Niliinua pembe ya shuka kidogo, na Meja akainuka nayo, miguu ya mbele hewani, meno yote nje. Tulisimama hivyo, mimi na yeye na shuka, mpaka Bwana Mistari akageuza macho pembeni.

"Kama yeye mbaya, mimi nachukua bunduki, napiga. Maneno kwisha."

"Ukimwua leo hatutajua kama ana kichaa. Mfunge, Bwana. Mnyororo, maji, chakula. Na mimi nitakuja kumtazama kila siku."

"Wewe nani naambia mimi hivyo? Kazi yako kwisha. Toka."

"Kombe, ondoka," Josefu akanong'ona.

Nilikuwa na sababu zote za kuondoka. Mzungu yule alikuwa na uwezo wa kuniharibia kazi nyumba zote za ufuoni kabla ya jua kuzama. Nilikuwa nimekasirika sana, na hasira yangu haikuwa ya kupiga kelele, ilikuwa ya kukaa. Nikamwambia, "Sitatoka mpaka nione mnyororo." Kisha nikamwambia jambo lililokuwa likinisumbua njia nzima. "Bwana, mimi hufua magauni ya mtoto wako. Najua kimo chake. Uso wake uko sawa na mdomo wa mbwa huyu. Kama kichaa kimo humu ndani, hakitaanzia langoni."

Alimtazama Meja, kisha akatazama bustanini, kwenye bembea ndogo iliyofungwa mtini. Uso wake ukabadilika, nikamwonea huruma hata mimi. Akasema bila kugeuka, "Josefu, leta mnyororo." Habari ya kazi yangu kwisha hakuirudia tena.

Kesho yake nilizifua zile kanzu, mimi Mkristo, maji saba, moja la udongo, kama Fundi alivyonielekeza akiwa amelala mkekani mkono umefungwa. Mnajua inavyouma kwa dobi kuitia kanzu nyeupe kwenye matope kwa mikono yake mwenyewe? Nilichagua udongo mweupe, nikauchuja kwa kitambaa, nikasuuza, nikatia buluu ya kung'arisha, nikazianika juani. Ijumaa ile wateja hawakupata kanzu zao. Nilikwenda nyumba kwa nyumba nikawaeleza kwa nini, na hakuna aliyetuhama. Mmoja alinishika mkono akasema kwamba ingekuwa dobi mwengine angezikung'uta tu akanyamaza.

Lakini hadithi ya kuchekesha ni ya Fundi. Mtu huyu alikuwa hawataki mbwa tangu utotoni. Mbwa akipita upande ule wa njia, yeye huhamia upande huu. Sasa maisha yake yalikuwa yamefungwa kwenye mnyororo mmoja na Meja. Kila nilipotoka kwa Bwana Mistari nilimkuta amekaa mlangoni ananingojea.

"Yuwala?" ataniuliza.

"Anakula, Fundi."

"Maji yuwanywa? Hayaogopi?"

"Anakunywa mpaka anamwaga."

"Alhamdulillahi. Mkia je?"

"Mkia unafanya nini, Fundi?"

"Wacheza? Mbwa mgonjwa hachezi mkia, nimeambiwa."

Siku moja nikamkuta ana kifurushi cha majani ya mgomba. Ndani mlikuwa na mapupu, mapafu ya mbuzi. "Mpelekee," akasema, bila kunitazama.

"Fundi, mbwa aliyekuuma unampelekea kitoweo?"

"Na akifa kwa njaa, si watasema ni kichaa? Nitachomwa tumbo lote. Mpelekee, na umwambie yule mpishi asiyale yeye." Josefu alipopata salamu hizo alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo mapupu yakawa yanakwenda kila siku ya soko, na usiku, mkewe aliniambia, Fundi alikuwa akiomba dua, na katika dua zile mbwa wa Mzungu alikuwa akiombewa afya na umri mrefu. Mimi nilicheka, halafu nikiwa peke yangu njiani nikalia, kwa sababu niliona jinsi mzee yule alivyotaka kuishi.

Meja hakufa. Siku zilipita, daktari akasema yatosha, na sindano zikasimamishwa. Kidonda kilifunga, lakini vidole viwili vya mkono wa kulia havikukunjika vizuri tena. Fundi alihamishia pasi mkono wa kushoto, akajifunza upya kama mwanafunzi, akaunguza nguo zake mwenyewe kwanza ndipo akagusa za watu.

Njia ya ufuoni ndiyo iliyomshinda. Asubuhi ya Alhamisi atasema kichwa chauma. Alhamisi nyengine atasema ana wageni. Nilimwelewa, wala sikumdharau. Lakini nilimwona anavyokaa pale kisimani akinitazama nikiondoka peke yangu na mafurushi mawili, na niliona anazeeka kwa kukaa. Nikamwambia, "Fundi, wewe ulinifundisha kubeba. Sasa tubebe kwa namna nyengine. Shuka za Mzungu mbele, mikononi. Kanzu kichwani. Mbwa akitaka kuuma, aume mali ya bwanake."

Akalipima jambo hilo. "Na shuka zikitoboka?"

"Zitarudi zimepigwa pasi, matundu yakiwa juu, Bwana ayaone."

Hapo alicheka, mara ya kwanza tangu siku ile. Akafunga furushi la kanzu dogo, likakaa kichwani lenyewe bila kushikwa, kama wanawake wanavyobeba mtungi. Shuka akaziweka mikononi. Tukaenda.

Mnyororo ulikuwa umeshafunguliwa. Hilo hatukulijua mpaka tulipoliona lango liko wazi na Meja anatoka, kimya vilevile, kichwa chini. Nilitaka kupita mbele. Fundi akasema, "Kaa hapo."

Alisimama. Akageuka ubavu. Niliona kofia yake inatetemeka chini ya furushi, na niliona mkono ule wa kulia unaanza kushuka, kwa mazoea ya miaka yote, kulitafuta jiwe. Ukafika mapajani. Hapo akauzuia. Akaurudisha juu polepole, akaishika shuka, akaiweka mbele.

"Rudi," akasema kwa sauti yake ile isiyopanda.

Mtasema mbwa alimtambua kwa mapupu. Harufu yake aliijua, ndiyo. Alimnusa na mkia ukacheza. Kisha akaing'ata shuka vilevile. Fundi hakuvuta. Alimwachia, akasema, "Chukua, ni ya bwanako," akapita langoni na kanzu za Ijumaa kichwani, kavu, safi, hata moja haikuguswa. Shuka zile tulizirudisha wiki iliyofuata zimenyooka, zina wanga wa kutosha, zimekunjwa, matundu ya meno juu kabisa. Tangu hapo kila Alhamisi tulikuta Meja amefungwa.

Fundi alipotoka upande wa pili wa nyumba ile alitua kidogo, akapangusa uso kwa kikoi. Nikamwuliza kama ataka kupumzika.

"Nipumzike ya nini?" akasema. "Makaa ya pasi yazimika kule kwetu."

Basi, Riziki. Kandambili yako bado iko kule njiani, na mimi sikununulii nyengine. Kesho asubuhi tutaifuata. Wewe utatangulia na mkoba wako wa shule mbele yako, mikono miwili, nami nitakuwa nyuma. Magoti yangu hayaniruhusu tena kukimbia, kwa hiyo usidhani nitakimbia, na wewe pia hutakimbia.